Akiba ya Sekunde Kumi na Mbili

Huku El Alto hewa ni ya kupimiwa,
kama sukari dukani mwisho wa mwezi.
Mita elfu nne na ushei: kiberiti huwaka kwa kusita,
maji huchemka kabla hayajawa moto wa maana,
na ndege iliyoshiba watu
hukimbia, hukimbia, hukimbia
ndipo ardhi ikubali kuiachia.

Ndiyo maana chini ya tumbo lake,
nyuma kidogo ya magurudumu makuu,
fundi Hilarión Tintaya alifunga roketi mbili
nene kama mitungi ya gesi ya kupikia,
midomo imetazama nyuma.
Abiria hawakuambiwa.
Walipewa peremende ya kuzibua masikio.

"Zina kazi moja," aliniambia siku ya kwanza,
nikiwa na miaka kumi na tisa na glavu za kuazima.
"Injini moja ife pale ambapo
kusimama kumeshachelewa na kuruka bado hakujafika.
Hapo rubani atabonyeza kitufe,
nazo zitamsukuma sekunde kumi na mbili.
Hazizimwi. Hazirudiwi."

"Na zisipohitajika?"

Alikaza nati ya nne, robo zamu, akapangusa mkono.
"Zisipohitajika, umefanya kazi."

Kila alfajiri, barafu ingali imeng'ang'ania mbawa,
alilala chali juu ya kipande cha kadibodi,
akafuata waya kwa kidole, akanusa viungo,
akagonga ganda kwa kifundo,
kama mtu anayebisha mlango
huku akiomba usifunguliwe.
Kisha alimwaga kikombe cha pombe kali sakafuni,
fungu la Pachamama,
"maana tunaondoka mgongoni mwake bila kuaga."
Mkaguzi kutoka makao makuu aliandika kwenye ripoti:
*Kimiminika kimevuja. Chanzo hakijulikani.*

Wilmer, mwanawe, aliondoka na ndege ya Jumanne
kwenda Buenos Aires kushona suruali
katika chumba kisicho na dirisha.
Nilimwona mzee kando ya njia, kofia mkononi,
midomo ikihesabu.
Ndege ikapita taa ya thelathini, ya arobaini,
pua ikanyanyuka, matairi yakaachana na lami
kwa upana wa kiganja,
kisha kwa kimo cha mtu,
kisha sikuweza kupima tena.
Injini zote tatu zilikuwa hai.
Jioni roketi zilirudi na usingizi wao.
Wilmer hakurudi.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hii huoza. Tarehe yake imepigwa muhuri ubavuni,
kwani baruti nayo huchoka kungoja,
ikafanya nyufa ndani kwa ndani, jicho lisione,
na siku ya kuitwa ikaitika vibaya.

Basi mwezi wa nane tulizipakia mbili kwenye lori,
tukazipeleka uwandani ng'ambo ya uzio,
tukazisimika kwenye zege, vichwa chini, midomo juu.
Mzee akanipa saa. Kitufe akabaki nacho mwenyewe.

Sauti ile haikuingilia masikioni, iliingilia magotini.
Moto mweupe, wima.
Moshi ukaufunika mlima Huayna Potosí, theluji na vyote.
Lama wakatimka. Mama mmoja mwenye kofia ya duara
akatema majani yake ya koka, akatutukana
kwa Kiaymara safi nisichoweza kukifasiri mbele ya watu.

Tatu. Saba. Tisa.
Niliona mkono wa mzee umefumba hewa,
kama ameshika kitu kizito kisianguke.

Kisha kimya, na harufu ya chumvi iliyoungua.

"Ngapi?"
"Kumi na mbili na nusu."

Alitazama yale maganda matupu yakipoa, yakilia tik, tik.
"Zingeweza," alisema.

Alivaa kofia.
Tukarudi kufunga nyingine;
ndege ya Jumanne ilikuwa inajaza mafuta.